Kabla Hujafunga Turubai, Uliza Kiwanja ni cha Nani

Kikundi cha vijana wa Engutoto kikitaka kufanya bonanza la mpira, kwaya ikitaka mkutano wa injili wa siku tano, au familia ikitaka kumfanyia bibi sherehe mahali penye kivuli na nafasi, swali la kwanza linaloulizwa ni lile lile: kibali kinatolewa wapi? Watu hutumwa kwa mwenyekiti wa mtaa, wakatumwa kata, wakatumwa jiji, wakaambiwa warudi Jumatatu. Wengine huchoka, wakafunga turubai hivyo hivyo na kuomba Mungu mgambo wasipite. Mahangaiko hayo mengi yangepungua kama swali jingine lingetangulia: kiwanja hicho ni cha nani? Mwenye ardhi ndiye mwenye ruhusa, na hapa Arusha maeneo tunayoyaona yote kuwa “ya serikali” yana wenyewe tofauti kabisa.

Hebu tuzunguke mjini kidogo. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, ambao wengi huudhani kuwa wa Jiji, ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, kwa hiyo barua ya kuuomba haiendi kwa Mkurugenzi. Viwanja vya kituo cha mikutano cha AICC ni vya shirika la umma lenye uongozi wake. Boma la Kale, lile jengo la Wajerumani lenye makumbusho, pamoja na Makumbusho ya Azimio la Arusha pale jirani na Mnara wa Mwenge, viko chini ya Makumbusho ya Taifa. Barabara ya mtaani kwako, ile mnayotaka kuifunga nusu ili maturubai ya harusi yakae, inasimamiwa na TARURA tangu wakala huo uanzishwe mwaka 2017, na barabara kuu ni ya TANROADS. Ukitoka kuelekea mlimani, Hifadhi ya Taifa Arusha iko mikononi mwa TANAPA, na msitu unaozunguka Ziwa Duluti kule Tengeru uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Uwanja wa shule ya msingi ya serikali ni wa halmashauri, lakini mwalimu mkuu na kamati ya shule wasiposhirikishwa mapema, karatasi ya jiji haitakusaidia asubuhi ya tukio utakapokuta geti limefungwa na watoto wako kwenye mtihani.

Baada ya kuyatoa hayo yote ndipo unapobaki na yaliyo ya Halmashauri ya Jiji lenyewe: bustani za umma, maeneo ya wazi yaliyoachwa kwenye viwanja vilivyopimwa, viwanja vya michezo vya mitaa, vipilefti vilivyopandwa maua, masoko, stendi, makaburi. Huko ndiko sheria ndogo za Jiji zinakofanya kazi na ndiko saini ya Mkurugenzi inakohitajika.

Mipaka nayo inawachanganya watu. Engutoto ni kata ya Jiji la Arusha, hilo halina utata. Lakini kuzunguka Mlima Meru kuna halmashauri tatu zinazopakana: ya Jiji, ya Wilaya ya Arusha na ya Wilaya ya Meru. Ukipanga tamasha lako Ngaramtoni, uko Wilaya ya Arusha. Ukilipeleka Usa River, uko Meru, na ada uliyozoea kulipa mjini haina maana tena. Ukiingia vijijini zaidi unakutana na ardhi ya kijiji, inayoongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, ambako halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye neno. Nimesikia watu wakilalamika kwamba “halmashauri ilitukatalia” wakati barua yao ilipelekwa kwa halmashauri isiyohusika.

Sasa, utajuaje kwa hakika kwamba uwanja fulani hapo mtaani ni eneo la wazi la umma? Macho hayatoshi. Kiwanja kitupu chenye majani kinaweza kuwa cha mtu aliyeko Dar es Salaam anayesubiri bei ipande, na kiwanja chenye ukuta na mbwa kinaweza kuwa kilichorwa kuwa bustani ya watoto miaka mingi iliyopita. Anayejua ni mchoro wa mipango miji, ule ambao mafundi na madalali huuita mchoro wa TP, pamoja na ramani ya upimaji. Nenda ofisi ya mipango miji ya Jiji ukiwa na namba ya kitalu na namba za viwanja vya majirani wa pande mbili za eneo hilo. Ukifika na maelezo ya “pale karibu na mti mkubwa” utawachosha maofisa na kujichosha mwenyewe. Omba uoneshwe matumizi yaliyopangwa. Kisha, na hapa watu wengi husahau, omba ujibiwe kwa maandishi. Jibu la mdomo la ofisa mkarimu linaondoka naye akihamishwa kituo.

Wakisitasita, unayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Andika ombi lako kwa heshima, taja sheria hiyo kwa jina, eleza taarifa unayoitaka: matumizi ya kiwanja namba fulani kwenye mchoro ulioidhinishwa, na kama kuna mabadiliko yoyote yaliyoombwa. Ombi lililo wazi hujibika kirahisi kuliko lawama.

Kwa mitaa ambayo watu walijenga kabla ya kupimwa, na Arusha inayo mingi, mchoro wenyewe huchorwa wakati wa urasimishaji wa makazi. Ukisikia mkutano wa urasimishaji umeitwa mtaani kwako, usimtume kijana wa nyumbani. Nenda mwenyewe. Katika mikutano ile watu hupigania mita moja ya njia na kusahau kabisa kuuliza watoto watacheza wapi. Eneo la wazi ambalo halikuingia kwenye mchoro siku ile, kulipata baadaye maana yake ni kumlipa mtu fidia, na fedha za fidia hazipatikani. Ombeni kipande, hata kidogo, hata kile kinachotuamisha maji wakati wa masika na ambacho hakuna anayekitaka kwa nyumba. Kinaweza kuwa uwanja wa watoto kwa miezi tisa ya mwaka.

Tukishajua kwamba eneo ni la Jiji, tuzungumzie ruhusa yenyewe. Wapo wanaodhani kila kukaa kwenye bustani kunahitaji kibali, na wapo walinzi wanaowafukuza wanafunzi waliokaa wakisoma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 4, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inasema haki hiyo inajumuisha raia kuyafikia maeneo ya umma ya mazingira kwa ajili ya mapumziko, elimu, afya, imani, utamaduni na uchumi. Kwa hiyo kupita, kukaa, kusoma, kuzungumza, watoto kucheza, wazee kupunga upepo, hayo ndiyo matumizi yenyewe ya bustani. Hayaombewi barua.

Kibali kinaanza kuhitajika pale matumizi yako yanapowazuia wengine au yanapoongeza mzigo kwenye eneo. Umefunga turubai au jukwaa, umeweka spika, umeingiza gari kwenye majani, umewasha moto wa nyama choma, umeuza kitu, umetoza kiingilio, umezungushia kamba ukasema hapa ni kwetu leo. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha haki, na nimeona kinawasaidia watu kujihukumu kabla hawajahukumiwa. Familia ya watu kumi yenye mkeka na chupa ya chai haina sababu ya kuogopa. Familia hiyo hiyo ikija na jenereta, viti mia mbili na MC, iandike barua.

Barua hiyo iandikwe vipi? Iende kwa Mkurugenzi wa Jiji, kupitia kwa Afisa Mtendaji wa Kata, kupitia kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa. Ndiyo, ngazi zote. Si urasimu mtupu: mtendaji wa mtaa ndiye anayejua kwamba siku hiyo hiyo kuna msiba nyumba ya tatu, na mtendaji wa kata ndiye anayejua kama kikundi kingine kimeshaliomba eneo hilo. Kila mmoja akigonga mhuri na kuandika maoni yake pembeni, barua ikifika Jiji inakuwa imeshajibiwa nusu. Taja eneo kwa jina na namba yake. Taja tarehe, saa ya kuanza kufunga vifaa na saa ya kumaliza kufungua, maana wengi huandika saa ya shughuli tu na kusahau kwamba fundi wa maturubai hufika usiku wa kuamkia. Taja idadi ya watu unaowatarajia kwa ukweli. Eleza vyoo vitakuwa wapi, taka zitaondolewa na nani na kupelekwa wapi, nani atasimamia maegesho. Weka jina na simu ya mtu mmoja anayewajibika, mtu mzima ambaye atapokea simu siku hiyo.

Ipeleke mapema, wiki tatu kabla kama shughuli ni ndogo na zaidi kama ni kubwa. Ofisini, iache masijala, usiiache mezani kwa mtu. Beba nakala ya pili wagonge mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, hiyo ubaki nayo. Nakala hiyo ina thamani kuliko kufahamiana na mtu ndani. Ikipita wiki bila jibu, rudi nayo na uulize jalada liko kwa nani.

Kibali cha Jiji ni cha eneo. Vibali vya yatakayofanyika juu ya eneo hilo ni vingine. Kwa mkusanyiko au maandamano mahali pa hadhara, Sheria ya Jeshi la Polisi, kifungu cha 43, inamtaka mwandaaji atoe taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi anayesimamia eneo husika, si chini ya saa 48 kabla, akieleza mahali, muda na madhumuni. Zingatieni kwamba sheria imesema taarifa. Watu wengi, na hata baadhi ya maofisa, huzungumza kana kwamba ni ombi linalosubiri kukubaliwa. Polisi wanayo mamlaka ya kuzuia wakiona hatari kwa amani, lakini wewe wajibu wako ni kutoa taarifa kwa wakati na kuwa na nakala iliyopokelewa. Hili linawahusu wanasiasa, ambao mikutano yao ya hadhara ilirejeshwa Januari 2023 baada ya zuio la miaka kadhaa, na linawahusu vile vile wahubiri na waandaaji wa matembezi.

Ukiwa na muziki na burudani, muone Afisa Utamaduni wa Jiji, na kama kuna wasanii wa kulipwa jukwaani uliza mapema kuhusu Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Vileo vina leseni yake, hata kwa siku moja. Wauza chakula watatakiwa na Afisa Afya kuonesha kwamba wamepimwa. Mpiga picha wa harusi aliyekuahidi picha za kutoka angani aulizwe kama droni yake ina kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa sababu atakayeulizwa kwanza ni mwenye sherehe. Ukitaka kukata tawi linalozuia jukwaa, usilikate. Omba ofisi ya maliasili ya Jiji waje waone. Mti wa mringaringa au mkuyu wa miaka hamsini haurudishwi kwa faini.

Sauti ndiyo inayovunja ujirani haraka kuliko kitu kingine chochote. Engutoto na Njiro ni sehemu za makazi, zenye wagonjwa, wazee na wanafunzi wa kidato cha nne. Hata kibali chako kikiruhusu hadi saa nne usiku, elekeza spika upande usio na nyumba, punguza besi ikifika jioni, na siku mbili kabla pita nyumba zinazolizunguka eneo uwaambie wenyeji kwa mdomo, “shikamooni, Jumamosi tutakuwa na shughuli pale, itakwisha saa fulani, namba yangu hii.” Mzee aliyeamkiwa na kuarifiwa hapigi simu polisi, anapiga kwako.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo imani ya wananchi inapopotea. Ada yoyote halali ya halmashauri imeandikwa kwenye sheria ndogo, na sheria ndogo ina namba ya Tangazo la Serikali. Ukiambiwa kiasi, uliza kwa utulivu: kipo kwenye sheria ndogo ipi? Malipo yanafanywa kwa kontrol namba, kupitia benki au simu, au kwa mashine inayotoa risiti hapo hapo. Hakuna ada ya Jiji inayoingia kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Hakuna. Hata kama mtu huyo amevaa sare, hata kama anakuhurumia na kukupunguzia. Unapolipa nje ya mfumo unapoteza mara mbili: fedha haijengi choo cha bustani, na siku ya shughuli huna ushahidi kwamba ulilipa. Mgambo akikukamata kwa kosa, muombe akutajie kosa kwa jina na akupe kontrol namba ya faini. Usibishane kwa nguvu wala usimsukume, kwa sababu kosa la kumzuia mtumishi kazini ni zito kuliko kosa la kuweka meza kwenye majani.

Kuhusu meza hizo nina neno. Mama anayeuza chai na vitumbua kwenye kona ya bustani na kijana mwenye toroli la matunda huonekana kama uchafu, wakafukuzwa, wakarudi, wakafukuzwa tena. Vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 viliwatambua kama watu wenye kazi, na mwaka 2021 miji mingi ikawapanga upya kwenye maeneo maalumu. Lakini bustani isiyo na mtu wa kuuza maji ya kunywa hugeuka mahali patupu, na mahali patupu hukaribisha wavuta bangi. Angalieni Forodhani, Zanzibar. Bustani ile ilifungwa ikakarabatiwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, ikafunguliwa tena mwaka 2009, na wauza urojo, mishikaki na maji ya miwa wakawekewa nafasi ndani ya mpango wenyewe badala ya kutupwa nje ya uzio. Hadi leo wao ndio wanaoiletea watu jioni. Wakazi wa Engutoto wanaotaka bustani iliyo hai waombe hilo hilo: meza chache zilizopangwa, zenye namba, taa na pipa la taka, wenyewe wakiwa watu wa mtaa. Wauzaji nao wajisajili kama kikundi kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, maana halmashauri huongea na kikundi chenye katiba na mhasibu kirahisi kuliko na watu ishirini waliokasirika. Na kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule unaogawanywa asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu.

Je, sheria ndogo yenyewe ikiwa mbaya? Inabadilishwa, na mlango wa mwananchi upo mwanzoni kuliko mwishoni. Halmashauri inapokusudia kutunga sheria ndogo inatakiwa itangaze kusudio hilo ili wakazi watoe maoni au pingamizi, ndipo Baraza la Madiwani lipitishe, ipelekwe kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Matangazo ya kusudio hubandikwa kwenye mbao za kata na mtaa, mahali ambapo wengi hupita wakitafuta majina ya wapiga kura tu. Soma. Andika maoni ya ukurasa mmoja. Mkabidhi diwani nakala kabla ya kikao cha kamati inayoshughulikia mipango miji na mazingira, kwa sababu kwenye kamati ndiko maneno hurekebishwa. Yakifika kwenye baraza zima, mara nyingi yamekwisha kuiva. Vikao vya kawaida vya baraza hukaa kila robo ya mwaka na mwananchi ana ruhusa ya kukaa na kusikiliza. Uwepo wa wakazi ishirini waliokaa kimya nyuma ya ukumbi hubadilisha jinsi mambo yanavyosemwa mbele.

Jambo gumu kuliko yote ni eneo la wazi linapoanza kumezwa. Huanza polepole. Lori la mchanga linamwaga mzigo. Baada ya mwezi kuna kibanda cha mlinzi. Kisha msingi. Anayechelewa hadi kuta zisimame atapambana na mtu aliyekwisha kutumia mamilioni na ambaye hatarudi nyuma kirahisi. Siku ya lori ndiyo siku ya kuandika. Piga picha zenye tarehe, mwandikie mtendaji wa mtaa na nakala kwa kata, kwa diwani na kwa ofisi ya mipango miji, uliza kwa adabu ujenzi huo una kibali namba ngapi. Na ukiona bango la kusudio la kubadilisha matumizi ya ardhi limesimikwa kwenye kiwanja, usilipite: limewekwa ili upinge kama una sababu, na lina ukomo wa siku. Pingamizi liandikwe na watu wengi, kila mtu kwa sababu yake mwenyewe, kuliko karatasi moja yenye saini mia ambazo hakuna anayezisoma.

Majirani zetu wa Nairobi walipitia haya mwaka 1989, pale chama tawala kilipotaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alianza kwa barua: kwa wakubwa wa serikali, kwa jiji, kwa mashirika ya kimataifa, kwa magazeti. Alitukanwa hadharani na kesi yake Mahakama Kuu ilitupwa kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kisheria ya kushitaki. Lakini barua zile zilikuwa zimeshawafikia wenye fedha, wafadhili wakajitoa, na mradi ukafa. Bustani ipo mpaka leo.

Hapa kwetu mahakama zilikuwa na sikio zaidi. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walilishitaki Jiji miaka ya 1980 kwa kumwaga taka kwenye makazi yao, wakashinda. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao, mamia kwa pamoja katika kesi inayojulikana kwa jina la Festo Balegele, wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 1991 wakashinda pia. Hoja mojawapo iliyowabeba ilikuwa kwamba Mpango Kabambe wa jiji ulilitenga eneo lile kwa makazi. Yaani ramani ya halmashauri yenyewe ndiyo iliyoifunga halmashauri. Arusha nayo ina Mpango Kabambe wake, unaofika mwaka 2035, na kila kamati ya mtaa inapaswa kuwa na nakala ya kipande kinachoihusu.

Hata hivyo, mahakama iwe mwisho. Kuishitaki mamlaka ya serikali za mitaa kunahitaji notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020; wakili anahitajika, na msingi wa jengo hausubiri siku 90. Ikiwa uharibifu unagusa mto au miti, lalamika kwa baraza la mazingira, NEMC, ambao wana ofisi ya kanda hapa Arusha. Themi, Naura na mito mingine inayoshuka kutoka Meru ina ulinzi wa pekee: kifungu cha 57 cha ile sheria ya mazingira kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo. Kipimo ni cha kamba tu, mtu yeyote anaweza kukipima mbele ya mtendaji wa mtaa.

Ulinzi ulio bora ni kulitumia eneo. Kiwanja chenye watoto kila jioni na miti iliyomwagiliwa hakimezwi kirahisi, kwa hiyo kikundi kikiwa na moyo wa kuitunza bustani, kiombe. Kando ya mto Themi ipo bustani iliyoanzishwa kwa ushirikiano wa Jiji, shirika la Oikos East Africa na kikundi cha akina mama wanaoiendesha, na inaonesha kwamba ukingo wa mto unaweza kuwa mahali pa watu bila kugeuka viwanja vya nyumba. Ombi la namna hiyo lifuate njia ile ile ya mtaa, kata na Jiji, likiwa na muhtasari wa mkutano wa wakazi uliokubali. Msianze kuchimba shimo hata moja kabla ya makubaliano kusainiwa, ingawa mvua za masika zitawashawishi.

Makubaliano hayo yaseme muda, miaka mingapi na yanahuishwaje. Yaseme wazi kwamba ardhi inabaki ya umma na kwamba kikundi hakiruhusiwi kuikodisha kwa mtu mwingine. Yaseme nani analipa bili ya maji ya AUWSA, nani anasafisha choo, nani anarekebisha bembea ikikatika na nani anawajibika mtoto akiumia. Kama kuna kiingilio cha shughuli maalumu, kiasi chake kibandikwe getini, na zitajwe siku ambazo hakuna kiingilio kabisa. Miti itakayopandwa iandikwe kwa idadi na aina, na ioneshwe kwenye mchoro ulioambatishwa, ili atakayetaka kuikata baadaye akute ina kumbukumbu. Na yaseme ufunguo wa geti unakaa kwa nani, na saa ngapi asubuhi geti linafunguliwa, kwa sababu watoto wa Engutoto hawatakuwa na nakala ya makubaliano mfukoni.